Chumvi ya Barabarani na Gari la Kijana



Wiki iliyopita tulijiwa na mama mmoja baada ya swala ya alasiri, simu mkononi, uso umemkunjika. Mwanawe yuko kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa nne sasa, anafanya kazi, na ameona gari analolitamani: Mazda MX-5 ya mwaka 2003, ya viti viwili, ambayo paa lake la turubai hukunjwa nyuma. Mwenye gari ataka pauni 2,800. Kijana anazo 2,000, na mama ameazimia kuuza bangili zake mbili za dhahabu amtimizie. Alitaka kujua kwetu kama gari la kukunjwa paa lina makuruhu. Tukamwambia halina, ila viti viwili vyamtosha bwana harusi na mkewe tu, mama mkwe atabaki barazani. Akacheka. Kisha tukamuuliza jambo ambalo halikuwa limemjia: gari hilo limepitiwa na majira mangapi ya baridi?

Sisi watu wa pwani, chumvi hatufundishwi. Twajua mabati ya nyumba iliyoelekea bahari yanavyotoboka, na dirisha la chuma linavyobanduka rangi kila baada ya kusi. Lakini chumvi yetu huja na upepo, ikatua juu tukaiona. Ya Uingereza humwagwa barabarani kwa makusudi. Tulipokuwa wageni wa jamaa zetu huko, tuliliona lori lenye taa ya rangi ya chungwa likipita jioni, na nyuma yake sahani inayozunguka ikirusha punje za rangi ya udongo. Hiyo ni chumvi ya mwamba, na nyingi yachimbwa Winsford, katika jimbo la Cheshire. Maji yakichanganyika nayo huchelewa kuganda, barabara haifanyi barafu, na roho nyingi husalimika. Hatuilaumu. Ila magurudumu huirusha chini ya gari ikajipenyeza kila pembe, na kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewa, chuma hubaki kimelowa hata siku ambayo mvua haikunyesha. Hapo kutu hupata mbio.

Sasa gari lenyewe. MX-5 ilianza kuundwa Japani mwaka 1989, na injini yake ina sifa njema. Maradhi yake ni kutu, tena kutu ya ndani. Gari lenye paa la chuma hushikana kama kasha. Lililokosa paa hutegemea sakafu yake na vile vizingiti viwili vya chuma vilivyo chini ya milango. Maji ya mvua kutoka kwenye turubai hushuka kwa vijitundu vilivyo nyuma ya viti. Majani makavu yakiviziba, maji huingia ndani ya vizingiti, na chuma huoza kutoka ndani hali nje rangi yang'aa. Anayeona kipovu kidogo cha rangi mbele ya gurudumu la nyuma asidhani ni doa la kusugua. Aghalabu palipo na kipovu, nyuma yake pana tundu.

Gari za kizazi cha pili, za miaka ya 1998 hadi 2005, na hili la kijana ni mojawapo, zina pahali pengine pabaya zaidi: zile nguzo mbili za chesisi za mbele, kando ya injini. Ni za chuma cha tabaka mbili, na chumvi ikisharabu katikati haitoki. Nguzo hizo ndizo hupokea kishindo gari likigonga. Hazionekani ukiwa umesimama; sharti gari liinuliwe, na mtu aingie chini na tochi.

Basi tulimwandikia kijana haya. Aende mchana, gari likiwa kavu, kwani maji huficha dosari za rangi. Achukue sumaku ndogo, aifunge kwa kitambaa, aipitishe kwenye vizingiti na matao ya magurudumu ya nyuma; isiposhika, hapo pamezibwa kwa puti. (Boneti asiijaribu, hiyo ni ya alumini na sumaku haitashika kamwe.) Ainue zulia na kuupapasa unyevu. Aangalie mabomba ya breki, maana yakioza gari hukosa breki. Kutu nyepesi juu ya sahani za breki isimtishe, huja kwa mvua ya usiku mmoja. Na akikuta chini ya gari pamepakwa lami nyeusi mbichi, aulize imepakwa lini, na kwa nini wiki hii.

Kabla ya nauli ya kwenda huko, kuna jambo la bure. Uingereza kila gari lililopita miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi uitwao MOT, na serikali huyaweka matokeo kwenye intaneti. Nambari ya gari yatosha. Humo mna kilichofelishwa, na mna maonyo: mwaka huu kutu kidogo, mwaka ujao kutu zaidi. Lakini mkaguzi haruhusiwi kufungua vifuniko wala kukwangua lami, kwa hivyo cheti kisafi si yamini.

Fikihi yetu humpa mnunuzi khiyari ya aibu: akikuta ila iliyokuwapo kabla ya mauzo naye hakuijua, ana haki ya kurudisha. Sheria ya Uingereza ya 2015 humpa siku 30 za kurudisha gari bovu, iwapo amenunua kwa mfanyabiashara. Akinunua kwa mtu binafsi, kama huyu, haki hiyo haipo. Muuzaji hutakiwa asiseme uongo tu, na kunyamaza kwake mara nyingi humponyoka mnunuzi.

Twasema haya kwa uchungu. Zamani tulinunua pikapu hapa hapa mjini, rangi mpya, muuzaji mwenye maneno matamu. Mwezi wa pili fundi alibonyeza sakafu kwa bisibisi, nayo ikazama hadi mpini. Kiti cha mke wetu kilikuwa kimeshikiliwa na zulia.

Jana mama alirudi. Kijana ametazama kwenye intaneti: maonyo ya kutu kwenye vizingiti, miaka miwili mfululizo, na mwaka wa tatu hakuna neno, hali muuzaji asema hajawahi kuchomelea chochote. Jumamosi atalipeleka kwa fundi mwenye jeki ya kuinulia, kwa pauni 60 kutoka mfukoni mwake. Muuzaji bado hajajibu kama ataruhusu. Bangili zingali sandukuni.