Kishikio cha volani: mimi nasema hapana

Ndugu wanamemba, shofere wa trakta anaomba tufunge kishikio cha mviringo juu ya volani. Namuelewa: akifika mwisho wa shamba, mkono mmoja unageuza, mwingine unainua jembe. Kazi inaenda mbio.

Lakini trakta yetu ni ya zamani, volani haisaidiwi na idroliki. Gurudumu la mbele likigonga kisiki, volani inazunguka yenyewe kwa nguvu, na kile kishikio kinapiga kidole gumba. Mimi nilishapigwa, wiki mbili sikushika jembe! Kwa trakta yenye idroliki, sawa, mukaze buloni vizuri.

Kwa yetu, tununue kwanza grisi. Tena muangalie mipira ya mbele: ikikosa upepo, volani inakuwa nzito.