Ada ndogo si nafuu kwa mstaafu

Wamarekani wengi wanapostaafu huamini kwamba kuhamia mtaa unaoendeshwa na chama cha wamiliki wa nyumba ndiyo mwisho wa usumbufu: unalipa ada kila mwezi, nyasi zinakatwa, bwawa linasafishwa. Tangu mjenzi Del Webb afungue mji wa wastaafu wa Sun City, Arizona, Januari 1960, maisha hayo yameuzwa kwa viwanja vya gofu na jua la mwaka mzima. Jua lipo kweli. Ninachokikataa ni ahadi kwamba mstaafu sasa anazijua gharama zake. Anaijua ada ya mwezi huu tu, na mara nyingi ada hiyo ni ndogo kwa sababu chama hakiweki akiba ya kutosha ya matengenezo makubwa.

Champlain Towers South, huko Surfside, Florida, halikuwa jengo la wastaafu pekee, lakini liliendeshwa kwa utaratibu huohuo. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba zege chini ya eneo la bwawa limeharibika vibaya. Wamiliki wakavutana kuhusu fedha hadi Aprili 2021, walipopitisha mchango wa dola milioni 15. Mwenye nyumba ndogo kabisa alitakiwa kutoa kama dola 80,000. Juni 24 jengo likaanguka, likaua watu 98. Sheria ya jimbo wakati huo iliwaruhusu wamiliki kupiga kura ya kutoweka akiba, na ni vigumu kumlaumu mtu wa miaka 78 akikataa kuchangia paa litakaloezekwa baada ya miaka 20. Ndiyo maana simwamini anayesema kura inamlinda mwanachama. Kura hiyohiyo ndiyo inayoahirisha deni, kisha linamwangukia atakayekuwapo.

Wapo watakaosema hata nyumba ya peke yako huvuja. Ni kweli, ila kwako utaita fundi azibe kwanza, utasubiri, utawaomba wanao. Chama kikishapitisha mchango, tarehe imepangwa. Usipolipa, katika majimbo mengi kinaweza kuifikisha nyumba yako mnadani, hata kama benki haikudai senti. Pensheni haipandi kwa sababu bodi imekutana.

Anayetaka kununua aombe kwanza hesabu za mfuko wa akiba na mihtasari ya vikao vya bodi. Aulize paa na barabara zimebakiza miaka mingapi, na fedha za kuzitengeneza ziko wapi. Akizungushwa, atafute kwingine.