"Kumbe" Si Hoja

Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango.

Kama hujawahi kukisikia, utahangaika. Utataja kaburi, utataja mtungi, utataja pango. Ukishindwa utaombwa mji. Utampa mtegaji Lamu au Bagamoyo, naye atajitapa kidogo kwamba amefika huko na kupokewa vizuri, ndipo akwambie: yai. Hapo litakutoka lile neno la kila aliyeshindwa: "Kumbe!" Ghafla jibu linakuwa jepesi hadi linaudhi. Lakini waliotuachia mchezo huu waliuwekea sheria moja ya busara: mji hutolewa kabla ya jibu. Hakuna anayeruhusiwa kusikia "yai" kwanza, kisha akasema hilo hata mtoto analijua, nirudishieni Bagamoyo yangu.

Hataza nayo ni mchezo wa namna hiyo, isipokuwa mpangilio wake umepinduliwa. Mvumbuzi huandika jibu lake lote katika maombi, pamoja na michoro na vipimo, na jibu hilo huchapishwa ili dunia nzima ilisome. Mji anaoutaka ni haki ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya maombi. Ubishi kuhusu mji huo huja baadaye, wakati kila mtu amekwisha kusikia "yai". Hapo ndipo inapozaliwa imani ninayoipinga leo: kwamba kitu kinachoeleweka upesi, kilichoundwa kwa vitu vilivyokwisha kujulikana, hakiwezi kuwa uvumbuzi. Utaisikia kwa wanasheria, kwa wahandisi na kwa mafundi kijiweni, tena kwa maneno yaleyale: "Huyu kaunganisha tu." Ni hilo neno "tu" ninalogombana nalo.

Tuichukue betri. Ifungue betri ya gari ya volti 12 na utakuta vyumba sita, kila kimoja kinatoa kama volti mbili. Ndani ya kila chumba mna mabamba ya risasi, chanya na hasi, yaliyopangwa kwa zamu. Umeme ukitaka kutoka chumba kimoja kwenda cha pili hupanda kwenye bamba hadi juu, huvuka ukuta kwa kipande cha risasi, kisha hushuka upande wa pili. Safari ni ndefu, na risasi nyingi iliyomo kazi yake ni kubeba umeme tu.

Betri ya baipola huifupisha safari hiyo. Ukuta na bamba vinakuwa kitu kimoja: uso mmoja wa bamba ni chanya kwa chumba hiki, uso wa pili ni hasi kwa chumba jirani. Umeme haupandi wala haushuki, unapita moja kwa moja toka uso hadi uso, kwa upana wote wa bamba. Yapange mabamba kama vitabu rafuni, na betri inakuwa nyepesi zaidi na yenye nguvu zaidi.

Kumbe!

Na mwenye kusema "kumbe" ana ushahidi. Mwaka 1800 Alessandro Volta alipanga sahani za fedha na zinki, jozi juu ya jozi, na kati ya jozi na jozi akaweka kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Kila jozi ilikuwa na uso mmoja wa metali hii na uso mwingine wa metali ile. Basi bamba la nyuso mbili ni la umri wa betri yenyewe. Atokee mtu leo aombe hataza ya betri ya baipola, jibu la haraka litakuwa kwamba Volta alishamaliza kazi, huyu kaunganisha tu.

Ningeomba mwenye jibu hilo atueleze jambo moja. Betri ya risasi na asidi iliundwa na Gaston Planté mwaka 1859. Kama wazo la Volta lilikuwa mezani tangu mwanzo, kwa nini magari ya dunia yamebeba mabamba ya kizamani hadi leo? Kampuni ya Furukawa ya Japani ilitangaza betri yake ya risasi ya baipola mwaka 2020. Toyota ilitia betri ya baipola, ya nikeli, katika Aqua mpya ya Julai 2021, ikasema ni mara ya kwanza duniani kwa betri ya kuendeshea gari. Wanunuzi wetu wa magari ya mtumba hawahitaji kuelezwa Aqua ni gari gani. Wanachohitaji kuelezwa ni kilichochelewesha jambo "lililo wazi" kwa zaidi ya miaka 200.

Kilichochelewesha kimo ndani ya bamba. Katika betri ya kawaida, risasi ya upande chanya huliwa polepole na kutu. Ikitoboka si msiba, kwa kuwa pande zote mbili za bamba zimo katika chumba kimoja. Katika baipola, tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linaunganisha vyumba viwili vilivyopaswa kutengana, na betri inaanza kujila yenyewe. Weka metali nyingine badala ya risasi, na nyingi zitayeyuka katika asidi. Titani haiyeyuki kirahisi, lakini hujivika ngozi inayozuia umeme. Kaboni hupitisha umeme, ila upande chanya huichoma taratibu. Halafu kuna kingo: asidi hupenda kutambaa, na utando mwembamba wa asidi uliopita ukingoni unatosha kuvujisha umeme kutoka chumba hadi chumba. Bamba linatakiwa liruhusu umeme na likatae asidi, mwaka baada ya mwaka, kwenye joto na mtikisiko. Yaani Volta alituachia swali, na kila kizazi cha wahandisi kimekuwa kikiombwa mji.

Kwa hiyo ukipewa maombi ya hataza ya betri ya baipola uyapime, kuuliza kama baipola ni jambo la wazi ni kuuliza kitu kisichobishaniwa. Uliza mwombaji amedai nini hasa. Akidai kila bamba lenye nyuso mbili, mnyime, maana hilo ni la Volta. Akiongeza mabamba kutoka matano hadi kumi na volti zikaongezeka kama kila mtu alivyotarajia, mnyime pia. Akibadilisha gundi moja inayojulikana kwa nyingine inayojulikana, nayo ikafanya kazi ileile iliyoandikwa kwenye kopo lake, mnyime bila huruma. Sitetei ujanja wa kujimilikisha mali ya umma. Lakini akileta namna ya kuziba kingo, au tabaka linalolinda bamba kwa njia ambayo waliomtangulia walijaribu wakashindwa, au waliyoikwepa kwa kuamini haiwezekani, basi neno "tu" halina kazi hapo.

Sheria imeweka kipimo, na kipimo hicho si akili ya hakimu aliyekaa na mchoro mkononi. Ni fundi wa kawaida wa fani husika, mtu wa kufikirika aliyesoma kila kilichochapishwa kabla ya siku ya maombi, lakini ambaye si mvumbuzi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inamtaka huyo, na maafisa wa Ulaya na Marekani wanamtumia huyohuyo. Anasimama kwenye siku ya maombi akitazama mbele gizani. Sisi tumesimama leo tukitazama nyuma, na taa imeshawashwa.

Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao yake Munich, ina swali zuri la kumlinda huyo fundi dhidi yetu. Haitoshi kwamba angeweza kuviunganisha vitu hivyo, je, angeviunganisha? Kiswahili kinaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko lugha nyingi. "Angeweza" ni habari ya uwezo, na mtu mwenye mikono na vifaa anaweza karibu kila kitu. "Angefanya" inadai sababu: nini kingemsukuma aache njia aliyoizoea na kushika hii, akitarajia kufika? Anayesema "kaunganisha tu" amejibu swali la kwanza akadhani amejibu la pili.

Kama mantiki haitoshi, ipo kesi, tena ya betri. Desemba 1941 Mmarekani Bert Adams aliomba hataza ya betri isiyohitaji asidi. Elektrodi moja ilikuwa ya magnesiamu, nyingine ya kloridi ya shaba. Ilikaa kavu stoo. Siku ya kuitumia unaitia maji, ya kawaida au ya chumvi, nayo inaamka. Januari 1942, Marekani ikiwa vitani, akaipeleka jeshini. Wataalamu wa jeshi hawakuamini kwamba itafaa kitu. Hataza ilitoka Juni 1943, na Novemba ya mwaka huohuo jeshi likabadili mawazo, likaanza kuagiza betri za aina hiyo kutoka viwandani bila kumwambia mwenyewe. Adams alikuja kujua mwaka 1955. Mwaka 1960 akaishtaki serikali.

Serikali ikajitetea kwa lile neno letu. Betri za zinki na kloridi ya fedha zilijulikana tangu karne ya 19. Kutumia magnesiamu mahali pa zinki kulikuwa kumeandikwa. Kloridi ya shaba katika betri ilikuwa imeandikwa pia. Basi Adams alifanya nini zaidi ya kuunganisha?

Tarehe 21 Februari 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataa utetezi huo. Ilikiri kwamba kila kipande kilijulikana. Ila ilitazama pia maarifa ya siku zile yalimshauri fundi nini. Yalimwambia kwamba betri inayoendelea kufanya kazi hata pasipo kutumika, na inayopata joto, si ya maana. Na betri ya Adams ilikuwa na tabia zote mbili. Yalimwambia kwamba betri za kuamshwa kwa maji zilifaulu tu kwa vimiminika vinavyoidhuru magnesiamu. Ili kufika alipofika Adams, fundi alipaswa kuyapuuza yote mawili. Mahakama ikakumbusha pia kwamba wataalamu walewale walioikataa betri hiyo baadaye waliutambua umuhimu wake, na baadhi yao wakachukua hataza za kuiboresha. Waliosema haiwezekani walirudi kuomba vijumba katika mji wa waliyemkataa.

Husimuliwa kwamba siku ya kesi wakili wa Adams alikunywa maji kidogo, akatumbukiza betri ndogo katika glasi iliyobaki, na kitaa kikawaka mbele ya majaji hadi alipomaliza kuzungumza. Napenda kisa hicho kwa sababu kinaonyesha pia hatari yake: taa ikishawaka, kila mtu ukumbini anajua jibu.

Najua nitaambiwa niisome hukumu ya KSR ya mwaka 2007, kesi ya pedali za gari, ambapo mahakama hiyohiyo ililegeza masharti na kusema kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana kwa matokeo yanayotabirika hakustahili hataza. Nimeisoma. Neno zito humo ni "yanayotabirika". Hukumu hiyohiyo inaitaja kesi ya Adams kwa heshima, inarudia kwamba maarifa yaliyotangulia yakimwelekeza fundi mbali na muungano fulani, kufanikiwa katika muungano huo ni dalili ya uvumbuzi, na inaonya dhidi ya kupima mambo kwa macho ya baadaye. Anayeisoma KSR kama ruhusa ya kusema "tu" ameisoma nusu.

Nani anaumizwa na imani hii? Kampuni kubwa ina mawakili wa kuijibu. Anayeumia ni fundi mmoja mmoja: yule wa betri za sola, wa pikipiki za umeme, wa mashine za kukoboa, ambaye amehangaika miaka na tatizo moja kisha akaja na kitu kinachoonekana chepesi. Wepesi ndiyo kazi yake nzuri, na sisi tunaufanya kuwa kosa lake. Kitu kikiwa kigumu kueleweka tunakivulia kofia. Kikieleweka kwa dakika moja tunasema hata sisi tungekifanya. Tungekifanya lini? Tulikuwa na muda ule ule aliokuwa nao yeye.

Basi, wewe mkaguzi, hakimu, mhariri au jirani unayeombwa maoni, fanya kama wafanyavyo watoto wanapotega. Kabla ya kuufungua mchoro wa mwombaji, soma yale tu yaliyochapishwa kabla ya siku yake. Andika kwenye karatasi wewe ungejaribu nini, kwa sababu gani, na ungetarajia nini. Kisha fungua mchoro. Kama jibu limo katika karatasi yako, mnyime mji. Kama halimo, mpe, na "kumbe" yako imeze.

Adams alitega chake Desemba 1941. Wataalamu walishindwa Januari 1942. Hukumu ya kumpa haki yake ilitoka Februari 1966, wakati hataza yenyewe, kwa miaka 17 ya sheria ya Marekani ya wakati ule, ilikuwa imekwisha muda wake tangu Juni 1960.