Robine Ikivunjika, Tusisubiri Mradi

Jamani vijana wenzetu, tuanze na kitu kidogo. Mwaka huu robine moja ya kambini kwetu, hapa Kinama upande wa Muyinga, ilikaa wiki tatu nzima bila kutoa maji. Si kwamba maji hayakuwepo. Kilichoharibika ni kale kampira ka ndani, kitu ambacho bei yake haifiki hata Fanta moja. Tukaandika ripoti, ripoti ikapelekwa juu, huko juu wakasema mradi umeisha na mwingine haujaanza. Basi tukasubiri.

Kusubiri kwenyewe kulikuwaje? Mama zetu na dada zetu walishuka bondeni kwenye chemchemi ya wenyeji. Mstari ukawa mrefu, wenyeji wakaona maji yao yanaisha, maneno yakaanza: nyinyi mnapewa kila kitu, na hiki tena mnakuja kukichukua? Siku moja bidoni zikarushwa. Msichana mmoja tunayemfahamu alikosa masomo ya asubuhi siku zote hizo, maana zamu yake ilikuwa inafika saa nne.

Mashirika yana kipimo chao: lita 20 kwa mtu kwa siku, na hata wakati wa dharura zisishuke chini ya 15. Bidoni ya njano ni lita 20, kwa hiyo hesabu ni rahisi: bidoni moja kwa kila kichwa. Nyumba ya watu saba, bidoni saba. Kila mtu ahesabu za kwao. Na hizo ni za kunywa, kupika, kuoga na kufua tu. Lengalenga za nyuma ya nyumba hazimo. Sabuni wanayopika akina mama haimo, wala chai ya yule anayeuza maandazi. Kila siku tunaambiwa tujitegemee, na hasa sasa mgao unapopunguzwa, lakini tujitegemee na maji gani?

Wenzetu waliokaa Bukirasazi, kule Gitega, walitueleza wanavyofanya watu wa vilimani. Chemchemi ina komite yake, imechaguliwa na wale wanaochota. Kila nyumba inatoa kidogo, bomba likipasuka fundi anaitwa. Tusidanganyane, kuna mahali pesa inaliwa na komite inabaki jina. Lakini pale inapofanya kazi, hakuna anayengoja gari la shirika kwa ajili ya kampira.

Sisi tunaona na huku iwezekane. Komite moja ya wakimbizi na wenyeji pamoja, nusu wawe wanawake, maana wao ndio wanaobeba. Franka 200 kwa nyumba kwa mwezi, wazee na wasio na kitu wasidaiwe. Daftari lisomwe mbele ya watu wote. Na ile chemchemi ya bondeni ihesabiwe kuwa ni yetu wote: mikaratusi iliyo karibu nayo ikatwe, kwa sababu inakunywa sana, ipandwe majani ya kushika udongo, na mtu asichimbe choo juu yake.

Ndugu zetu wa mashirika wanatujibu kwamba maji ni haki, mkimbizi asilipe. Kweli ni haki, na hakuna anayetaka kuuza maji hapa. Tunachotaka kulipia ni kampira. Nyinyi mtusaidie kwa yale tusiyoyaweza, tangi, pampu, mafunzo ya fundi wawili watatu watakaobaki hapa mradi ukiondoka.

Tena maji hayajui kambi wala kilima. Mto Ruvyironza unapita Gitega, unaingia Ruvubu, Ruvubu inapita huku Muyinga na kwenda kukutana na Kagera. Pale Rusumo maji hayo yanazalisha umeme wa megawati 80, na Burundi, Rwanda na Tanzania wanagawana. Nchi tatu hizo hazielewani kila siku, lakini walikaa mezani. Sisi tunashindwa kukaa chini na majirani wa bonde moja?

Jumamosi hii, baada ya kazi za jumuiya, tunakutana kule chini kwenye chemchemi. Wazee wawili wa kilimani wamekubali kuja. Mwenye jembe aje nalo. Na nyinyi wa mashirika, karibuni sana, ila ripoti muiache ofisini.