Tusimhesabie Senta Vikapu Pekee

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa vitendawili (najua ndiko unakoelekea), naomba dakika zako chache. Nina neno limenikaa kooni tangu siku ya zawadi ya mwaka jana, na mwenyekiti wa Chama cha Kiswahili amenipa ruhusa nilitoe hapa.

Siku hiyo zawadi ya mchezaji bora wa mpira wa kikapu ilikwenda kwa mfungaji wetu mkuu. Sina kinyongo naye hata chembe. Ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja, na aliyemwona akitupa kutoka pembeni anajua kwamba chanda chema huvikwa pete. Lakini mimi nilikuwa nimegeuka nyuma nikimtazama senta wetu. Alikuwa ameketi safu ya mwisho, magoti yamefika karibu na kidevu kwa sababu viti vya ukumbi havikutengenezwa kwa watu wa kimo chake. Alipiga makofi kama sisi sote. Tulipokuwa tukirudi bwenini usiku ule akaniuliza, "Wewe uliyekuwa mezani, hebu niambie ukweli. Hivi mimi nilicheza kweli msimu huu?"

Nikakosa la kujibu. Muhula huu amesema ataacha kikapu arudi kwenye voliboli.

Sasa wacha nikiri kosa, maana huenda wengine wameanza kutafuta wa kulaumiwa kati ya walimu. Anayeandika karatasi ya mchezo mezani ni mimi. Kalamu ni yangu. Nilipofika bwenini nilizifungua karatasi zote za msimu nikamtafuta senta wetu. Katika mchezo ule tuliowabwaga wageni kwa pointi moja, kelele zikasikika mpaka sokoni Karurumo, nilikuwa nimemwandikia hivi: pointi 2, faulo 5. Basi! Mtu ambaye hakuwepo uwanjani akisoma karatasi ile atasema, "Huyu ndiye aliyetaka kutuangusha." Ilhali mimi nilimwona kwa macho yangu akipangua mitupo saba, mmoja wao zikiwa zimebaki sekunde chache. Hiyo saba haikuandikwa popote, kwa sababu karatasi ina nafasi ya pointi na nafasi ya faulo. Hata karatasi rasmi ya shirikisho la dunia la kikapu, FIBA, ndivyo ilivyo: pointi, faulo, na mapumziko ya timu. Anayefunga hukumbukwa kwa mema yake, naye anayezuia hukumbukwa kwa makosa yake tu.

Shuleni senta wetu tunamwita Manute. Nimewauliza wengi jina hilo lilitoka wapi, wakasema ni neno la kumwita mtu mrefu, kama vile "mlingoti". Loo! Hapo ndipo nilipoona heri niandike.

Ukienda kwa kinyozi mmoja pale Karurumo, ukutani karibu na kioo kuna picha iliyokatwa gazetini, imegeuka rangi kama chai ya maziwa. Ina watu wawili waliovaa jezi za aina moja. Mmoja ni mrefu hadi kichwa karibu kikatwe na ukingo wa picha, na mwingine anamfikia kiunoni. Watoto hudhani ni baba na mwana. La hasha! Yule mrefu ni Manute Bol, mita 2.31, na yule mfupi ni Muggsy Bogues, mita 1.60, na wote wawili walichezea Washington Bullets msimu wa 1987-88. Waliopiga picha ile nadhani walitaka tucheke. Na tumecheka, miaka yote hii, tukasahau kuuliza huyo mrefu alifanya nini.

Manute Bol alikuwa Mdinka wa Sudan Kusini, jirani yetu kabisa. Alikulia machungani, kwenye ng'ombe. Aliingia Marekani mwaka 1983, na mwaka 1985 Washington wakamchagua akiwa wa 31. Msimu wake wa kwanza tu, 1985-86, alipangua mitupo 397. Hakuna mgeni wa ligi ya NBA aliyewahi kufikisha idadi hiyo, na katika wote, wageni kwa wenyeji, ni Mark Eaton peke yake aliyeizidi, kwa mitupo 456 ya msimu wa 1984-85. Hiyo 397 ni kama mitupo mitano kila mchezo. Msimu wa 1988-89, akiwa Golden State, aliongoza ligi tena kwa wastani wa 4.3. Mara mbili alipangua mitupo 15 katika mchezo mmoja.

Lakini hesabu ninayoipenda mimi ni hii ifuatayo, na nakuomba uisome polepole. Kati ya 1985 na 1994 Manute Bol alicheza michezo 624. Alifunga pointi 1,599. Alipangua mitupo 2,086. Yaani aliyoyazuia ni mengi kuliko aliyoyafunga! Katika historia yote ya ligi ile hakuna mchezaji mwingine wa maana mwenye hesabu ya namna hiyo. Na kumbuka alikuwa akicheza chini ya dakika 20 kwa wastani, katika mchezo wa dakika 48. Ungempa karatasi yangu ya mezani, ningemwandikia pointi 2 au 3, na faulo zake, kisha ningekwenda kula ugali wangu bila wasiwasi.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi niligundua kwamba hata wakubwa walifanya kosa kama langu. NBA ilianza kuhesabu rasmi mitupo iliyopanguliwa msimu wa 1973-74. Kabla ya hapo, kimya. Bill Russell, senta wa Boston, alitwaa ubingwa mara 11 kati ya 1957 na 1969 kwa kazi hiyo hiyo ya kuzuia, na hadi leo hakuna ajuaye alipangua mingapi. Wilt Chamberlain tunajua alifunga pointi 100 usiku wa tarehe 2 Machi 1962. Tunajua hata ribaundi zake 55 za mchezo mmoja wa mwaka 1960, maana ribaundi zilikuwa zikihesabiwa. Lakini alichokipangua kimekwenda na upepo. Wazee waliokuwepo wanasema ni kingi. Ndiyo, wanasema, karatasi haina neno.

Kuna wenzangu nimebishana nao jikoni tukipanga foleni ya githeri. Wanasema, "Ah, huyo alikuwa mrefu tu. Mtu wa mita mbili na nusu akiinua mkono si ni kama ameweka dari?" Ni kweli kwamba kikapu kimetundikwa mita 3.05 kutoka ardhini na Manute angeweza kugusa chuma bila kuruka. Lakini mpira ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni huruhusiwi kuugusa. Ukiugusa, pointi zinahesabiwa kana kwamba umeingia. Kwa hiyo lazima uukute ukiwa bado unapanda, na aliyeutupa amekudanganya mara mbili kwa mabega kabla ya kuuachia. Ukichelewa kidogo ni pointi yake, ukiwahi kidogo ni faulo yako. Senta wetu aliniambia kwamba haangalii mpira hata kidogo, anaangalia tumbo la mtupaji, maana tumbo halijui kudanganya.

Aidha, kama urefu ungetosha, tungekuwa na mifano mingi ya furaha. Mwenzetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyesoma Makongo, ana mita 2.21. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alitia fora, akawa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mwaka 2008 na tena 2009. Mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika Marekani nzima, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza NBA! Lakini kwa wakubwa mambo yalikuwa magumu: michezo 224, wastani wa pointi 2.2, na msimu wa kwanza tu alipelekwa ligi ndogo. Simsemi kwa ubaya. Kufika alikofika peke yake kutoka pwani yetu ni jambo ambalo hakuna Mswahili aliyekuwa amelifanya. Nasema tu kwamba sentimita hazipangui mpira zenyewe.

Wengine wanasema Manute hakujua kufunga. Hapo nakubali, hakujua, ingawa usiku mmoja wa Machi 1993, akichezea Philadelphia, alitupa mitupo sita ya pointi tatu ndani ya kipindi kimoja na watu karibu wabomoe ukumbi. Lakini nani kati yenu amewahi kumuuliza kipa wa kandanda amefunga mabao mangapi? Kipa akiokoa penalti tunambeba juu juu mpaka bwenini. Senta akiokoa mitupo saba tunamuuliza mbona pointi mbili.

Wala sitaki kudai kwamba Manute ndiye senta mkubwa kuliko wote kutoka Afrika. Hapo nitakuwa nimetia chumvi. Hakeem Olajuwon wa Nigeria ndiye anayeongoza orodha yote, mitupo 3,830, na alijua kufunga vilevile. Wa pili ni Dikembe Mutombo wa Kongo, 3,289, mlinzi bora wa ligi mara nne. Yule wa kutikisa kidole! Angepangua mpira, kisha anatikisa kidole kama mama anayemkataza mtoto kugusa sufuria. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, na siku zile hata vijana wa hapa ambao hawakuwahi kumwona akicheza walikuwa wakitikisiana vidole uwanjani. Kule Kinshasa ameacha hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Waamerika walimpa heshima zote akiwa hai, jezi yake nambari 55 ikatundikwa juu Atlanta na Denver. Yeye alilipwa haki yake.

Manute ndiye ninayemwonea uchungu. Fedha zake nyingi alizitoa kwa watu wake waliokuwa wakikimbia vita Sudan, mpaka zikaisha. Mwaka 2002 alipanda ulingoni kupigana ngumi na mchezaji mnene wa kandanda ya Kimarekani, mbele ya televisheni, watazamaji wakicheka, ili apate fedha za watoto wa Sudan. Alishinda, lakini ni nani anayekumbuka kwamba alishinda? Alifariki tarehe 19 Juni 2010 akiwa na miaka 47, na hakuiona bendera ya Sudan Kusini ikipandishwa tarehe 9 Julai 2011.

Ila kuna jambo ambalo hata ligi yenyewe haiwezi kulipigia hesabu. Kule Misri, miongoni mwa wakimbizi, kulikuwa na familia moja ya Kidinka, na Manute aliwafundisha vijana wa familia hiyo mpira wa kikapu. Mdogo wao mmoja alikuwa Luol Deng. Deng alikua akacheza NBA kwa miaka mingi, kisha akawa rais wa chama cha kikapu cha Sudan Kusini. Mwaka 2024, tarehe 20 Julai, timu hiyo ilikutana na Marekani mjini London. Marekani yenyewe, LeBron James akiwemo! Ilishindwa kwa pointi moja, 101 kwa 100. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki ya Paris, ikaichapa Puerto Rico 90 kwa 79. Katika kikosi hicho kulikuwemo senta wa miaka 17, Khaman Maluach, aliyekulia hapo Uganda. Mwaka uliofuata alichaguliwa NBA akiwa wa kumi. Usiku wa ule mchezo wa London sijui nani alilala Karurumo. Kinyozi alisimulia mpaka mteja akaondoka na upande mmoja wa kichwa haujanyolewa (sitaji jina la mteja, lakini alikuwa na kofia wiki nzima).

Sasa nirudi kwetu. Nimenunua daftari la kurasa 96 na nimelipigia mistari. Mbali na pointi na faulo kuna nafasi ya mitupo iliyopanguliwa, ya ribaundi, na ya pasi zilizozaa kikapu. Mwalimu wa michezo ameliona. Alikuna kichwa, akasema litajaribiwa muhula huu, na kwamba kamati ya zawadi italiangalia kabla ya kuamua lolote. Nakubali kwamba kuna ugumu. Mtu mmoja hawezi kuandika yote hayo mpira ukiwa unakimbia. Wiki jana katika mazoezi niliandika ribaundi ya mtu kwa jina la mtu mwingine, nusura tugombane. Tena mpira uliopanguliwa unaweza kuangukia mikono ya wale wale wapinzani na wakafunga. Je, nao tuuandike? NBA huuandika. Mimi bado nina shaka, na kama mna maoni nileteeni, niko bweni la pili, kitanda cha karibu na mlango.

Nahitaji watu wawili wa kukaa nami mezani, mmoja wa kuangalia na mwingine wa kuandika. Wajue kuandika haraka na wasiwe washangiliaji, maana anayeruka juu kwa furaha hukosa kinachofuata. Tunacheza na wageni kutoka upande wa Chuka Jumamosi ya tatu ya muhula. Senta wetu amesema atacheza mchezo huo mmoja, kisha ataamua.