Radhi ya Japani: Madai Manne Yasiyosimama

Kila Agosti 15 inapowadia, siku Japani inapokumbuka kushindwa kwake vitani mwaka 1945, madai yale yale hurudi. Tuyapime moja baada ya jingine.

Dai la 1: "Japani imeomba radhi mara nyingi, majirani hawatosheki." Ni kweli imeomba. Mwaka 1993 Yohei Kono, msemaji wa serikali, alikiri kwamba jeshi lilihusika na madanguro ambamo wanawake walitumikishwa bila hiari yao. Mwaka 1995 Waziri Mkuu Tomiichi Murayama aliomba radhi kwa uvamizi na ukoloni. Lakini Waziri Mkuu Junichiro Koizumi, aliyeyarudia maneno ya Murayama mwaka 2005, alizuru hekalu la Yasukuni kila mwaka kuanzia 2001 hadi 2006, na humo wanaenziwa wahalifu wakuu 14 wa kivita. Machi 2007 Waziri Mkuu Shinzo Abe akasema hakuna ushahidi kwamba jeshi liliwachukua wanawake wale kwa nguvu. Kinachowakera majirani ni radhi inayotolewa leo na kutenguliwa kesho.

Dai la 2: "Mkataba wa 1965 ulimaliza yote." Kwa mkataba huo Japani iliipa Korea Kusini dola milioni 300 za msaada na milioni 200 za mkopo. Hata hivyo mkataba huo haukuomba radhi wala kuwataja wanawake wa madanguro hayo ya jeshi. Kim Hak-sun, Mkorea aliyekuwa mmoja wao, alisimulia hadharani mateso yake mwaka 1991, miaka 26 baadaye. Shauri lake lingemalizwaje kabla halijasikilizwa?

Dai la 3: "Radhi haijengi ujirani." Oktoba 1998 Waziri Mkuu Keizo Obuchi aliweka kwenye maandishi radhi kwa watu wa Korea. Rais Kim Dae-jung aliipokea, na Seoul ikaanza kuruhusu filamu na muziki wa Japani uliokuwa umezuiwa miaka mingi. Ziara za Koizumi Yasukuni, kwa upande mwingine, zilifanya viongozi wa Tokyo na Beijing waache kutembeleana.

Dai la 4: "Vijana wa leo hawana hatia." Hawana, na hakuna haki ya kuwatwisha. Mwenye deni ni dola. Dola inayosisitiza kwamba saini ya 1965 bado inaifunga Seoul haiwezi kusema kuwa matendo ya jeshi lake ya miaka ya 1940 hayaihusu. Akubaliye kurithi mikataba amekubali kurithi na madeni.