Waraka Mmoja na Masjala Isiyosomwa

Uhakiki wa fasihi nchini Kenya una kisa chake cha asili. Kisa hicho hurudiwa katika dibaji za tasnifu, katika mihadhara ya mwaka wa kwanza na katika makongamano, aghalabu kwa maneno yaleyale. Mnamo tarehe 24 Oktoba 1968, wasomi watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Wasomi hao ni Ngũgĩ wa Thiong'o (aliyejulikana bado kama James Ngugi), Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Idara ikavunjwa, fasihi ya Kiafrika ikawekwa kitovuni, na ukoloni ukatimuliwa darasani. Kisa hiki si cha uongo. Ila kimeegemezwa juu ya hati moja tu, nayo ni hati ya upande mmoja wa mzozo, iliyochapishwa mwaka 1972 kama kiambatisho katika kitabu cha mmoja wa waandishi wake, Homecoming.

Mhakiki yeyote aliyefunzwa kazi yake angemkemea mwanafunzi anayetafsiri riwaya nzima kwa kusikiliza sauti ya mhusika mmoja. Hata hivyo, wahakiki haohao wamelitafsiri tukio kuu la taaluma yao kwa mtindo huohuo, miaka nenda miaka rudi, bila haya.

Waraka wenyewe unakataa kusomwa hivyo. Mistari yake ya kwanza inaeleza wazi kuwa ni maoni juu ya karatasi nyingine, ile iliyowasilishwa na Kaimu Mkuu wa Idara ya Kiingereza, James Stewart, katika mkutano wa 42 wa Bodi ya Kitivo cha Sanaa, tarehe 20 Septemba 1968. Yaani waraka huu maarufu ni jawabu, na swali lililojibiwa halikuchapishwa pamoja nao. Wangapi miongoni mwa wanaounukuu wamewahi kuitafuta karatasi ya Stewart? Ni nadra mno kuikuta ikitajwa katika uhakiki kwa namna inayoonyesha kuwa mtajaji ameisoma. Stewart amebaki kuwa jina tu, kama jitu la ngano ambalo kazi yake ni kuuawa na shujaa.

Hapa ndipo hasara inapodhihirika. Watatu wale walipendekeza idara moja ya fasihi na lugha za Kiafrika, iwe mahali pa ile ya Kiingereza. Lakini Ngũgĩ mwenyewe anasimulia katika Decolonising the Mind (1986) kuwa zilizozaliwa baada ya mjadala zilikuwa idara mbili, moja ya lugha na nyingine ya fasihi. Waraka wa 1968 nao, unapoorodhesha mambo yaliyoguswa na Stewart, unataja miongoni mwao kuchipuka kwa idara ya isimu na lugha, pamoja na nafasi ya lugha za Kiafrika, hususan Kiswahili. Kwa hiyo wazo la kuitenga lugha na fasihi lilikuwa tayari limekwisha kufika mezani kabla watatu hawajashika kalamu, na matokeo ya mwisho, kwa umbo lake la kiutawala, yanafanana zaidi na lile lililokuwa limetajwa na Kaimu Mkuu kuliko na lile walilolidai wao. Nani basi alishinda?

Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kuusoma waraka mara ya mia. Majibu yake hutunzwa katika masjala ya utawala mkuu wa masomo wa chuo kikuu chochote: kumbukumbu za Seneti na za bodi za vitivo, taarifa za kamati ndogo, mitaala iliyopelekwa kuidhinishwa na ile iliyorudishwa ikarekebishwe, karatasi za mitihani, ripoti za watahini wa nje. Karatasi ya mtihani peke yake ina uzito kuliko ilani kumi. Ilani husema nini kinastahili kufundishwa. Mtihani huonyesha mwanafunzi aliulizwa nini, juu ya kitabu gani, na kwa lugha ipi. Na ripoti ya mtahini wa nje hufichua ni nani aliyekuwa bado anapewa mamlaka ya kusema kuwa kazi ya Nairobi imefikia kiwango, na kiwango hicho kilikuwa cha nani.

Watasema wenye kupenda starehe kuwa hiyo ni kazi ya wanahistoria. Gauri Viswanathan hakungoja wanahistoria. Katika Masks of Conquest (1989) alizipekua hati za bunge na za utawala wa Kiingereza nchini India, akaonyesha kuwa somo la fasihi ya Kiingereza lilikuwa na historia ya kiutawala katika koloni. Wahakiki wa Afrika Mashariki wanaolitaja jina lake wamechukua hitimisho lake, wakaliacha vumbi lake.

Isitoshe, ni mhakiki aliye na zana za kuisoma masjala. Kumbukumbu za mikutano ni utanzu wenye kanuni zake. Lugha yake ni ya kauli ya kutendwa: ilipendekezwa, ilijadiliwa kwa kirefu, iliazimiwa. Mtenda hufutwa, ugomvi wa saa tatu hugeuka sentensi moja, na mshindwa hupewa shukrani. Mtu aliyezoea kuuliza ni nani anayesimulia, na nini kimenyamaziwa, hawezi kudai kuwa hati za namna hii hazimhusu. Wala asizipokee kama ukweli mtupu. Msajili naye ni msimulizi, tena msimulizi mwenye mwajiri.

Hoja ya usiri ina haki yake, lakini ni haki finyu. Alama za mwanafunzi na mashauri ya nidhamu ni siri ya wahusika na zibaki hivyo. Mtaala wa mwaka 1969 si siri ya mtu. Tangu Katiba ya 2010, ibara ya 35, raia wa Kenya ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka utaratibu wa kuziomba. Asiyewahi kuandika barua ya maombi hana ruhusa ya kulalamika kuwa mlango umefungwa.

Wanaopaswa kuwa wa kwanza kuandika barua hiyo ni wahakiki wa fasihi ya Kiswahili. Mgawanyo ule ndio ulioamua mashairi ya Muyaka yafundishwe chini ya paa gani, na kama mwanafunzi wa "fasihi" angeweza kuhitimu bila kusoma hata utenzi mmoja kwa lugha yake. Uamuzi huo ulipitishwa na watu, kwenye kikao, kwa hoja fulani. Muhtasari wake una tarehe na nambari ya mkutano, kama ule wa 42.